Kabla ya Kumpima Mgonjwa, Tuyapime Maswali

Malaria hutafutwa kwa tone la damu na darubini. Ugonjwa wa huzuni kubwa, ule ambao vitabu vya Tanzania huuita sonona na ambao wauguzi wengi wa Kongo huutaja kwa jina lake la Kifaransa, hauonekani katika damu wala katika picha ya eksirei. Njia ya kuujua ni mazungumzo: mmoja anauliza, mwingine anajibu, na majibu hayo ndiyo yatakayomfikisha mtu kwenye dawa, kwenye ushauri, au yatamrudisha nyumbani na maneno mawili ya kumtia moyo. Uchunguzi wote umesimama juu ya maswali. Na maswali yenyewe, karibu yote, yalitungwa kwa Kiingereza katika hospitali za Uingereza na Marekani, kisha yakaanza kusafiri dunia nzima ndani ya miradi ya wajawazito, ya UKIMWI na ya waathirika wa vita. Mji kama Likasi, huku Katanga nchini Kongo, hauna budi kuamua utayapokea vipi. Wengi hudhani kwamba kinachotakiwa ni mtafsiri hodari. Hoja ya makala haya ni kwamba kutafsiri ni sehemu ndogo tu ya kazi. Maswali yaliyotafsiriwa vizuri bado hayajawa kipimo. Yanakuwa kipimo siku inapothibitishwa, kwa watu wa mahali penyewe, kwamba yanawatofautisha wanaougua na wale ambao maisha yamewabana tu.

Tuyatazame kwanza maswali hayo. Mwaka 1960 daktari Max Hamilton, aliyekuwa akifanya kazi Leeds, Uingereza, alichapisha mwongozo wa mahojiano wenye vipengele 17 ambao mpaka leo hutumika katika majaribio ya dawa za huzuni. Hakuutunga ili kutambua nani mgonjwa. Aliutunga ili daktari aliyekwisha kumtambua mgonjwa aweze kukadiria uzito wa hali yake. Mwaka 1961 Mmarekani Aaron Beck alitoa orodha ya vipengele 21 ambayo mgonjwa huijaza mwenyewe. Mwaka 2001 dodoso fupi la PHQ-9 lilitangazwa likiwa na maswali 9 tu. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kwa kawaida anayefikisha 10 hutiliwa shaka. Nyuma ya vipimo vya siku hizi kuna ufafanuzi wa madaktari wa akili wa Marekani unaotaja dalili 9: mtu awe na dalili 5 au zaidi kwa muda wa wiki mbili, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo, na hali hiyo iwe inamtesa sana au imeharibu shughuli zake. Ufafanuzi huo unasomeka kwa urahisi. Tabu inaanza pale muuguzi anapokaa mbele ya mtu wa Kikula au Panda, kata za Likasi, na kutakiwa kuugeuza uwe mazungumzo.

Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, iko kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Ni mji uliojengwa na shaba. Viwanda vya Shituru na vitongoji vya wafanyakazi vilikusanya Wasanga, Waluba, Wabemba na watu wa Kasai chini ya mwajiri mmoja, Union Minière na baadaye Gécamines, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini, sokoni na uani. Kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali na unga, hata watu wakazoea kusema kwamba ndiyo baba, ndiyo mama. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Mwaka 1992 na 1993 wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu walirundikana kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri treni. Kuanzia mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake juu ya familia hizo, kilichotoka mwaka 2001, kwa jina linalowaelezea kama watoto walioachwa na baba yao. Historia hii haimaanishi kwamba mji mzima unaumwa. Maana yake ni kwamba huzuni yenye sababu ni nyingi Likasi, na ndiyo maana kipimo kibovu kinaweza kudhuru zaidi hapa kuliko mahali penye raha: kitaichanganya huzuni hiyo na ugonjwa, ama kitaufunika ugonjwa ndani ya huzuni hiyo.

Muuguzi akiwa na karatasi ya Kifaransa mkononi na mgonjwa asiyezungumza Kifaransa mbele yake, atafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: ataligeuza swali papo hapo. Asubuhi atasema hivi, mchana atasema vile, na mwenzake katika chumba cha pili atakuwa na maneno yake mwenyewe. Mmoja atauliza kama mama yule anaona uchungu moyoni, mwingine kama ana mawazo mengi, wa tatu kama amekasirika na maisha. Mwishoni karatasi zote zinaonyesha nambari zilezile, lakini nambari hizo zimetokana na maswali tofauti. Anayesema kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwa hiyo kinatosha, anasahau kwamba lugha aliyosomea mtu darasani mara nyingi siyo anayotumia kusimulia usiku asiopata usingizi. Walioachwa nje ya Kifaransa ni wale wale ambao uchunguzi unapaswa kuwafikia kwanza: wanawake waliokatishwa shule, wazee, na vijana walioingia machimboni mapema.

Kuna jibu jingine linaloonekana la busara: kwa nini tusichukue matoleo ya Kiswahili yaliyokwisha kufanyiwa kazi Tanzania na Kenya? Kazi hiyo ipo na ni nzuri. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kujaribu orodha ya dalili ya Hopkins, yenye vipengele 25, kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam, wakiilinganisha na mahojiano ya kitaalamu. Mwaka 2008 walikwenda mbele zaidi na kutoa orodha yao wenyewe ya vipengele 19 iliyojengwa kutokana na jinsi wenyeji wanavyoeleza mateso yao. Mwaka 2009 PHQ-9 ilijaribiwa magharibi mwa Kenya kwa watu 347 wanaoishi na virusi hivyo. Likasi ingekosea kuyapuuza haya. Lakini Kiswahili cha Katanga, kilichokuja na wafanyabiashara wa mashariki enzi za Msiri wa Bunkeya na kukulia migodini, kimekwenda njia yake. Mwanamume wa Likasi akisema bibi yake anaumwa anamzungumzia mke. Msikilizaji wa Tanga angemfikiria nyanya. Tofauti za namna hiyo hurekebishwa kwa siku chache. Iliyo kubwa zaidi haimo katika msamiati. Utafiti wa Dar es Salaam ulithibitisha maswali yale kwa wajawazito wa kliniki za Dar es Salaam. Haukuthibitisha chochote kuhusu mchimbaji wa kobalti au mjane wa mfanyakazi wa Shituru. Uthibitisho haufuati lugha popote iendapo. Unabaki kwa watu waliopimwa.

Ugumu huo unaonekana tukilipitia swali moja moja. PHQ-9 huuliza kama mtu amekosa hamu ya kula au amekula kupita kiasi. Katika nyumba ambamo sufuria ya bukari, yaani ugali, hupikwa mara moja kwa siku, ndiyo ya mtu inaweza kuwa taarifa ya bei ya unga. Huuliza kuhusu uchovu. Mtu anayebeba magunia ya mawe kutoka shimoni amechoka kila siku, na uchovu wake hauna siri. Huuliza kuhusu usingizi, nalo halitofautishi anayekeshwa na mawazo na anayekeshwa na mbu, mvua inayovuja au zamu ya usiku. Huuliza kama mtu amepoteza raha ya kufanya mambo, na hapo mhojiwa hubaki akitafuta ni mambo gani, kwa sababu mfano uliokuwa kichwani mwa mtunzi wa swali ni wa mtu mwenye saa za burudani. Likasi mfano hai ungekuwa kwaya, mazungumzo ya jioni, mpira, au kwenda kwenye matanga ya jirani: mama aliyekuwa haachi kufika msibani na sasa hafiki ametoa dalili nzito kuliko neno lolote. Swali jingine linaunganisha mambo mawili yanayopingana, kwenda polepole na kutotulia, na anayejibu ndiyo haelezi ndiyo ya lipi. Na majibu yenyewe yamegawanywa katika ngazi nne, mojawapo ikiwa zaidi ya nusu ya siku katika wiki mbili. Hesabu hiyo si ngumu kwa mwalimu. Kwa mtu ambaye hajapata kuihesabu huzuni yake kwa siku, inageuka kuwa mtihani.

Swali la kufa linahitaji uangalifu wa peke yake. Katika mji wenye makanisa kila barabara, kukiri kwamba umetamani kufa ni kukiri dhambi, na mbele ya mgeni jibu rahisi ni hapana. Kuna wanaopendekeza swali hilo liondolewe kwa sababu linaaibisha. Pendekezo hilo ni baya, kwa kuwa linawaacha peke yao watu walio hatarini zaidi. Linalofaa ni kulifikia kwa ngazi: kuanza na uchovu wa maisha, kisha kama mtu amewahi kumwomba Mungu amchukue, halafu kama amefikiria kujidhuru mwenyewe, na mwisho kama amepanga namna. Kila ngazi inamruhusu mhojiwa kusema kidogo zaidi. Hapa ndipo mahojiano yanapolipita dodoso la kujaza. Dodoso linaganda kwenye maneno yaliyoandikwa, lakini mahojiano yana maswali ya kufuatilia, na maswali hayo ya kufuatilia lazima nayo yatungwe, yajaribiwe na kufundishwa. Anayetafsiri orodha kuu na kumwachia muuguzi abuni yaliyobaki hajamaliza hata nusu ya kazi.

Na mahojiano yana watu ndani yake. Kijana wa miaka 24 hawezi kumuuliza baba wa miaka 60 habari za nguvu zake za ndoa kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza umri. Itabidi aanze na salamu kamili, amwite baba au mama, aombe ruhusa kabla ya maswali mazito, na pengine maswali mengine aachiwe mhojaji wa rika au jinsia inayofaa. Mke aliyeolewa karibuni hatasema neno mama mkwe akiwa ameketi kwenye kiti cha pili, na uani mwa nyumba nyingi za Likasi kiti cha pili hakikosi mtu. Haya hayamo katika maandishi ya swali, lakini yanabadilisha jibu kuliko kosa lolote la sarufi. Kwa hiyo mwongozo uliofanyiwa kazi sawasawa husema pia nani aulize, wapi, saa ngapi, na afanye nini mtu wa tatu anapoingia.

Anayeona kwamba tahadhari hizi zimezidi akumbuke kilichotokea zilipokosekana. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyewahi kusimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kilichodai kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika. Aliyaona hayo kupitia wagonjwa waliofikishwa hospitalini enzi za ukoloni, na mtu aliyejikunja kimya pembeni mwa nyumba hakuwa miongoni mwao. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda ambako walitumia mahojiano ya kitaalamu yaliyogeuzwa kuwa Kiganda, wakawahoji watu majumbani mwao. Walikuta huzuni kwa wanawake wa vijiji hivyo kuwa nyingi kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao. Katika miaka hiyo hiyo John Cox aliwahoji wanawake 263 wa Uganda kuhusu afya ya akili wakati wa ujauzito, na kazi hiyo ni sehemu ya njia iliyomfikisha kwenye kipimo cha huzuni ya uzazi cha Edinburgh cha mwaka 1987, kinachotumika sasa duniani kote. Kipimo hicho chenye maswali 10 kiliacha makusudi dalili za mwili ambazo ujauzito na uzazi wenyewe huzileta. Somo lake linatufaa: kujua maisha ya unayemuuliza hukuonyesha pia ni swali gani uliache.

Basi kazi hufanywaje inapofanywa vizuri? Mfano ulio karibu nasi ni Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Paul Bolton na wenzake hawakuanza na karatasi ya Marekani. Walianza kwa kuwauliza wanavijiji matatizo gani yaliwapata watu baada ya mauaji yale, wakaandika kila jibu kwa Kinyarwanda, kisha wakawatafuta wenyeji wanaosifika kwa kuwafahamu wenye shida hizo na kuzungumza nao kwa kina. Ndipo ikajitokeza hali ambayo wenyeji waliijua kwa jina, agahinda gakabije, yenye dalili nyingi zinazofanana na zile za vitabuni na nyingine za kwao. Sehemu ya huzuni ya orodha ya Hopkins ikarekebishwa kwa maneno hayo. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na madaktari wa akili wa kutoa hukumu ya mwisho, alama za watu ambao jamii iliwatambua kuwa na hali hiyo zililinganishwa na alama za wengine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002, uliotumia dalili pamoja na uwezo wa mtu kufanya shughuli zake, ulikuta asilimia 15.5 ya watu wazima waliohojiwa wana huzuni ya kiwango cha ugonjwa. Nchini kwetu, Kinshasa, Judith Bass na wenzake walifuata mkondo huo kwa wanawake waliojifungua na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Wenyeji wanaozungumza Kilingala walieleza hali waliyoiita maladi ya souci, na ikaonekana inakaribiana sana na huzuni ya uzazi inayojulikana kwingineko. Vipimo viwili vya kigeni vilirekebishwa na kujaribiwa juu ya msingi huo.

Jambo moja katika njia hiyo linastahili kusisitizwa, nalo ni swali la utendaji. Watafiti waliuliza wanaume na wanawake, kila upande kivyake, ni kazi gani mtu wa kawaida hufanya kwa ajili yake, kwa familia na kwa jamii. Majibu yakawa orodha ya kupimia: amelima, amepika, amewaogesha watoto, amehudhuria mkutano, ameshiriki mazishi. Likasi orodha ingekuwa nyingine, yenye soko, machimbo, bustani ya mahindi ya msimu wa mvua, kanisa na chama cha akiba. Orodha ya namna hii huziba pengo ambalo maswali ya hisia huliacha wazi. Watu wawili wanaweza kujibu kwamba wana huzuni kila siku. Mmoja anaamka na kufungua meza yake sokoni, mwingine hajafungua kwa mwezi mzima. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia muuguzi aanze na nani.

Kisha kuna suala la kikomo, yaani alama ambayo kuanzia hapo mtu huhesabiwa kuwa na tatizo. Hesabu ya kubuni itatusaidia. Tuseme katika watu 1,000 wanaofika kituo cha afya, 100 wana ugonjwa wa huzuni. Kipimo chetu ni kizuri kiasi: kinawakamata 80 kati ya hao 100, na kinawaacha salama asilimia 80 ya wasio wagonjwa. Lakini wasio wagonjwa ni 900, kwa hiyo 180 kati yao wanatiliwa shaka bure. Jumla ya waliotiliwa shaka ni 260, na wagonjwa halisi ndani yake ni 80, chini ya mmoja kwa kila watatu. Na hiki ni kipimo kilichothibitishwa. Kikomo kikiazimwa kutoka mahali pengine, idadi ya wanaohangaishwa bure inaweza kupanda zaidi, au wagonjwa wakaachwa kwa makumi. Utafiti wa Dar es Salaam wa mwaka 2002 ulionyesha hilo: kikomo kilichofaa kwa wanawake wale hakikuwa kile cha 1.75 kinachonukuliwa kila mara kwa orodha ya Hopkins. Kwa hiyo anayesema ametafsiri PHQ-9 na atatumia 10 kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, anakisia. Na hesabu hii inafundisha jambo la pili: alama ya juu ni sababu ya kumkalisha mtu kwa mahojiano marefu zaidi. Haitoshi kuwa hukumu.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote husema: Likasi haina ugonjwa wa huzuni, ina umaskini. Mpe mtu kazi, huzuni itaondoka. Kuna ukweli ndani yake, na mpango wowote wa afya ya akili unaosahau mshahara na unga hauko makini. Lakini kuna ushahidi unaoyatenganisha mambo hayo. Mwaka 2003 Bolton na wenzake walichapisha jaribio la vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, sehemu zilizoumizwa vibaya na UKIMWI. Kipimo kilikuwa kimejengwa kwa njia ile ile ya kuanza na wenyeji. Baadhi ya vijiji vilipata vikundi vya mazungumzo ya tiba kwa wiki 16. Kabla ya vikundi, asilimia 86 ya walioshiriki walitimiza vigezo vya ugonjwa wa huzuni. Baadaye wakabaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata tiba hiyo, kutoka asilimia 94 walibaki 54.7. Tiba yenyewe haikuwa fedha wala kazi. Ilikuwa vikao vya maneno. Mwaka 2013 Bass na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 405 wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono. Miezi sita baada ya tiba ya vikundi, asilimia 9 walikuwa na dalili za huzuni au hofu ya kiwango cha ugonjwa, dhidi ya 42 kwa waliopata usaidizi wa mtu mmoja mmoja, ingawa wote waliendelea kuishi katika eneo la vita. Kama hali ile ingekuwa umaskini mtupu, isingepungua kwa namna hiyo wakati umaskini wenyewe haujapungua. Na tusingejua hata hivyo bila kipimo kinachoaminika, kwa sababu nambari zote nilizozitaja zimetokana na maswali yaliyokwisha kupimwa.

Wapo pia watafiti wanaohofu kwamba kila mji ukiwa na kipimo chake, Likasi haitalinganishwa na Lubumbashi, wala Kongo na Kenya. Hofu hiyo inajibika. Njia ya Rwanda, Kinshasa na Uganda haikuyatupa maswali ya kimataifa; iliyabakiza, ikayarekebisha maneno, na kuongeza ya kwao. Kinacholinganishwa ni kiini cha pamoja, na cha kienyeji hutumika kituoni. Zaidi ya hayo, ulinganisho unaofanywa kwa maswali yasiyoeleweka sawa unatoa picha ya uongo yenye sura ya sayansi, na Carothers ametuonyesha uongo wa namna hiyo unavyoweza kuishi miaka mingi.

Imebaki gharama. Madaktari wa akili ni wachache mno Kongo, na kwa Katanga yote wagonjwa wengi hutegemea kituo cha Joseph Guislain kilichoko Lubumbashi. Lakini Rwanda imeonyesha kwamba kazi inaweza kuanza bila kungoja madaktari wengi, na hatua zake hazihitaji mashine. Wahojaji wa Likasi, wanaume kwa wanawake, waulize wakazi wa kata zote nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, shida gani za moyo na mawazo wanazoziona kwa majirani. Kamati ndogo yenye muuguzi, mwalimu wa lugha, mtu wa kanisa au msikiti na mama wa mtaa iandae maswali; mtu asiyeyajua ya awali ayarudishe kwenye Kifaransa ili upungufu uonekane. Kisha, hatua ambayo miradi yenye haraka huiruka, wakazi wa kawaida wasomewe kila swali na waulizwe wameelewa nini, kwa sababu tafsiri iliyorudi salama kwa Kifaransa bado inaweza kuwa kitendawili kwa muuza mboga. Baada ya hapo ndipo kujaribu kwa watu wengi na kutafuta kikomo. Vyuo vikuu vya Likasi na Lubumbashi vina wanafunzi wa saikolojia, lugha na utabibu ambao kazi hii ingekuwa shule yao bora.

Sharti moja halina msamaha: asiulizwe mtu kama anatamani kufa mahali ambapo, akijibu ndiyo, hakuna wa kumpokea. Kabla ya swali la kwanza kuulizwa lazima ijulikane nani ataketi naye jioni hiyo, kituo gani kitamwona kesho, na nani atalipa. Wakuu wa kanda ya afya na wafadhili wanaoleta karatasi za maswali wana wajibu wa kuonyesha yote mawili, uthibitisho wa maswali na njia ya matibabu, kabla ya kuzigawa. Nawe msomaji, siku ukiketishwa na kuulizwa kuhusu usingizi na huzuni yako, una haki ya kumuuliza anayekuhoji: maswali haya yamejaribiwa kwa watu gani, na nikionekana naumwa mtanipeleka wapi? Asiyeweza kujibu hayo mawili hajawa tayari kukupima.